Bonde la Rufiji: maji yanatoka wapi hasa, na kwa nini vijiji viko juu na mashamba chini?

Mwl_Uwandani

Wakuu, salaam. Naandaa safari ya uwandani ya kidato cha sita, siku tatu, bonde la chini la Rufiji. Vitabu vya kiada vinaishia mistari miwili: mto mkubwa, delta, mikoko, basi. Nahitaji msaada kwenye haya:

Kwenye ramani Ruaha Mkuu unaonekana kuchukua eneo kubwa kuliko matawi mengine yote, lakini wenyeji wa Ikwiriri wanasema mafuriko yao yanatoka Ifakara. Nani yuko sahihi? Halafu, kwa nini vijiji vimejipanga juu kwenye mchanga wakati ardhi nzuri iko chini? Na historia (Maji Maji, ile meli ya Wajerumani, bwawa jipya) naifundishaje iungane na mto, isiwe orodha ya tarehe? Anayejua njia na mambo yanayoharibu safari, naye asinyamaze.

Shuguli

Mwalimu, wa Ikwiriri wako sahihi. Bonde zima la Rufiji lina takriban kilomita za mraba 177,000, yaani moja ya tano ya Tanzania Bara. Ruaha Mkuu una karibu asilimia 47 ya eneo hilo lakini unaleta kama asilimia 15 tu ya maji. Kilombero una asilimia 22 ya eneo na unaleta kama 62. Luwegu, ambao karibu kila mtu anausahau, una eneo la asilimia 15 na maji asilimia 18. Andika namba hizo ubaoni kabla hamjapanda basi, kwa sababu mwanafunzi akishazoea kupima mto kwa ukubwa wa eneo lake kwenye ramani, atakosea kila kinachofuata.

Sababu ni mvua na safu ya Udzungwa. Kilombero unapokea mito ya milimani kama Mnyera, Ruhuji, Mpanga na Kihansi, kisha unaitandaza kwenye bonde pana tambarare. Mvua ya Machi inajaza kwanza mbuga za Kilombero, halafu maji yanaachiwa taratibu. Ndiyo maana kilele cha mafuriko kule chini kwa kawaida ni Aprili, na pengine mto unapanda siku ambayo Utete haijanyesha hata tone. Ruaha kinyume chake unaanzia Usangu, kukavu zaidi, na maji yake yanapita kwenye mashamba ya mpunga ya Mbarali na kinamasi cha Ihefu kabla ya kuendelea. Tangu 1993 sehemu ya mto huo ndani ya Hifadhi ya Ruaha imekuwa ikikauka kabisa kiangazi. Yanayobaki yanasimamishwa Mtera (megawati 80), yanatumika tena Kidatu (megawati 204).

Jina Rufiji linaanza pale Kilombero na Luwegu zinapokutana, maporomoko ya Shuguli. Ruaha unaingia baadaye, juu kidogo tu ya korongo ambalo ramani za zamani zinaliita Stiegler's Gorge, kwa jina la mhandisi wa enzi ya Wajerumani aliyeuawa na tembo 1907.

Kitu kimoja cha kuunganisha juu na chini: mwaka 2006 wafugaji waliondolewa Ihefu ili kuokoa maji ya Ruaha. Wengi walielekezwa kusini na mifugo yao, na baadhi wakaishia Rufiji. Ugomvi wa ng'ombe na mashamba ya mbugani ambao wanafunzi wako watausikia Ikwiriri una mzizi wake Usangu.

Kingo_na_Mbuga

Nichukue swali la pili.

Simama Ikwiriri, uko kwenye tuta la juu: mchanga, mikorosho, miembe. Teremka kusini unaingia bonde lenyewe, ukivuka mto na kusonga mbele unapanda tena. Utete nayo iko juu, ng'ambo ya kusini. Chini humo kuna aina mbili kuu za ardhi na tofauti ya mwinuko kati yake ni ndogo mno, wakati mwingine haifiki kimo cha mtu. Kando ya mto, wa sasa na ile mikondo ya zamani iliyokufa, kuna kingo: udongo mwepesi ulioachwa na maji yaliyopunguza kasi yalipofurika. Nyuma ya kingo kuna mbuga, udongo mzito mweusi. Nyuma zaidi kuna maziwa kama Ruwe, Uba na Zumbi, ambayo hujazwa na mafuriko na ndiyo yanayotoa perege na kambale.

Usiwaeleze wanafunzi, wape udongo. Kila mmoja achukue konzi moja, aulowanishe, auviringishe kati ya viganja. Wa ukingoni unakatika kabla haujawa mwembamba kama penseli. Wa mbugani unaviringika vizuri na ukiukunja unakuwa pete. Wa kwanza ni wa mahindi, wa pili ni wa mpunga.

Sasa ratiba, na hapa ndipo bonde lenyewe lilipo. Mpunga unamwagwa mbugani udongo ukiwa bado mkavu au kwa mvua za kwanza, Novemba na Desemba. Lazima uwe umesimama vizuri kabla mto haujaingia. Maji yakipanda polepole mpunga nao unarefuka, ncha zinabaki nje. Yakipanda kwa kishindo na kufunika ncha kwa wiki nzima au zaidi, unaoza. Yasipokuja kabisa, unakauka wakati wa kutoa masuke.

Halafu mlau. Maji yanaporudi, Mei hadi Julai, watu wanayafuata nyuma hatua kwa hatua na kupanda mahindi, kunde, choroko na maboga kwenye tope lililoachwa. Hakuna kulima; magugu yamekwisha zama. Kijiti kinatoboa shimo mpaka unyevu, mbegu mbili tatu, unafukia. Baada ya hapo hakuna mvua, mmea unaishi kwa kukimbiza unyevu unaoshuka chini. Nafasi ya kupanda ni siku chache kwa kila kipande: ukiwahi, mbegu inaoza kwenye tope, ukichelewa, udongo unakauka, unapasuka na nyufa zinakata mizizi. Kwa hiyo mafuriko mazuri si makubwa wala madogo. Ni yale yaliyochelewa kiasi cha kuacha mpunga ukue, yakapanda taratibu, yakarudi mapema kiasi cha kuwahi mlau.

Na mlau ndio uliokuwa bima. Mafuriko yaliyoharibu mpunga wa Aprili yalilipa kwa mahindi ya Septemba.

Mtu wa ratiba hiyo hakai mbali. Alikaa ukingoni, na shambani alijenga dungu, kibanda juu ya nguzo, apate kulala humo kulinda mazao: nguruwe na viboko usiku, nyani na kwelea mchana. Maji yakija alihamia dunguni na mtumbwi chini yake. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali ikawahamisha watu kupeleka juu, miaka kadhaa kabla ya vijiji vya ujamaa kuwa amri ya nchi nzima. Walipata shule, zahanati na barabara. Lakini shamba sasa ni mwendo wa saa kadhaa, na zao lisilolindwa usiku mmoja halipo asubuhi. Waliopanga waliyaona mafuriko, hawakuiona ratiba.

Shuguli

Kingo, hapo mwisho umepamba kidogo. 1968 watu wa bondeni walikuwa wanapokea chakula cha msaada, na 1974 mto ulirudi kwa ukali zaidi ukawakuta wengi wako juu tayari. Nguzo za dungu hazisaidii kitu maji yakifika sakafuni. Na zahanati huijengi juu ya nguzo.

Kingo_na_Mbuga

Sikatai kwamba kulikuwa na njaa. Ninachosema ni kwamba mlau wa baada ya mafuriko makubwa huwa ndio mzuri kuliko yote, na mwaka huo watu waliambiwa wahame badala ya kupewa mbegu. Hata hivyo madungu yapo mpaka leo, na familia nyingi zinaishi sehemu mbili: watoto na wazee juu karibu na shule, wenye nguvu chini msimu mzima. Mwalimu aulize hivyo hivyo akifika: "Mnalala wapi mwezi wa tatu?" Swali hilo linaeleza mengi kuliko "kijiji chenu kina watu wangapi".

Mohoro1905

Kwenye historia, anzia pamba. Wajerumani walitaka pamba kutoka pwani ya kusini, na kuanzia 1902 wakalazimisha mashamba ya pamoja chini ya maakida na majumbe (watawala wadogo waliowatumikia). Kazi hiyo ilitakiwa ichukue siku 28 kwa mwaka kwa kila mtu. Kwenye karatasi ni kidogo. Lakini soma ratiba aliyoandika Kingo hapo juu, halafu umtoe mkulima siku 28, tena si siku anazochagua yeye. Ukimtoa wiki ya kupanda, umemchukulia mwaka mzima. Malipo yalikuwa madogo kiasi kwamba wengine waliyakataa.

Ngarambe, kwa Kinjekitile Ngwale, mganga aliyeanzisha dawa ya Maji Maji, iko kusini-magharibi mwa Utete. (Wanafunzi wengi huipeleka Songea kwa sababu makumbusho ya vita yapo huko. Songea ni sura ya baadaye.) Mwaka 1904 alisemekana kuingiwa na Hongo, mzimu wa majini, akazama kwenye kidimbwi na kutoka akiwa mkavu. Dawa yenyewe ilikuwa maji yaliyochanganywa na mafuta ya nyonyo na mbegu za mtama. Mwambie mwanafunzi aangalie viungo: maji ya mto na zao la chakula, dhidi ya watu waliokuja na pamba. Watu walikwenda Ngarambe kwa makundi kutoka bondeni na kutoka vilima vya Umatumbi, na waliporudi makwao walirudi na habari. Mwishoni mwa Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete wakang'oa pamba. Kinjekitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, vita ikiwa haijamaliza hata wiki mbili au tatu, na ikaendelea bila yeye hadi 1907.

Kwa nini Mohoro? Tazama ramani. Iko mwanzoni mwa delta, upande wa kusini, karibu na mahali ambapo bidhaa za bondeni zilikutana na vyombo vya baharini. Boma halikuwekwa pale kwa bahati.

Maji_Mafu

Delta na ile meli niachieni mimi.

Königsberg, manowari ya Wajerumani, iliizamisha meli ya Waingereza Pegasus bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha Rufiji, makaa yakiwa yamepungua na injini ikihitaji matengenezo. Waingereza waliziba na kulinda milango ya delta, lakini meli zao kubwa hazikuweza kuingia: mbele ya kila mlango kuna fungu la mchanga na tope, na ndani mikoko inaficha kila kitu. Januari 1915 wakaiteka Mafia, kisiwa kilicho mbele ya delta, wakapata mahali pa kurushia ndege. Ikabidi waletwe Severn na Mersey, meli za mizinga zenye kina kidogo sana zilizojengwa awali kwa ajili ya Brazili, zikafanye kazi mto Amazon. Zikajaribu tarehe 6 Julai zikashindwa. Tarehe 11 Julai 1915, ndege ikiwaelekeza wapigaji, Königsberg ikapigwa na mabaharia wake wakaizamisha wenyewe. Mizinga yake 10 iliopolewa, ikapelekwa Dar es Salaam na kutumika bara vita vyote vilivyobaki. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa. Usiwaahidi wanafunzi kwamba wataiona meli. Mabaki yalikatwa kuwa chuma chakavu na mengine yamemezwa na tope.

Somo la jiografia kwenye habari hiyo ni kina cha maji, na hilo unaweza kulionyesha kwa macho Nyamisati, bandari ndogo ya delta. Wakati wa bamvua (siku maji yanapojaa na kupwa sana) tofauti ya kupwa na kujaa ni zaidi ya mita 3. Mlango uliopita asubuhi, mchana ni uwanja wa tope.

Mikoko ya Rufiji inafika takriban hekta 53,000, na Wajerumani waliitangaza hifadhi tangu 1898. Wanafunzi watakuja na neno moja, "mikoko". Watoke na angalau matano. Mlilana unasimama mbele kabisa, unaoga bahari. Mkoko wenyewe, wenye miguu kama buibui, uko kando ya vijito. Msinzi na mkandaa viko ndani zaidi. Mchu unavumilia chumvi nyingi na unaota karibu popote. Ukiona mkomafi na msikundazi wanaongezeka, jua maji baridi ya mto yanashinda hapo. Yaani mti unakupimia chumvi bila kifaa. Boriti ziliuzwa kwa korija, korija ni vipande 20, nyingi zikienda Arabuni na Ghuba kwa majahazi. Vyumba vya nyumba za zamani za mawe Zanzibar na Lamu ni virefu na vyembamba kwa sababu upana wake ni urefu wa boriti.

Upande wa kaskazini wa delta utaona mikoko imekatwa na kupandwa mpunga. Inawezekana kwa sababu masika mto unasukuma chumvi nje. Kinachoharibu ni kaa wanaokata miche michanga, na baada ya miaka michache magugu yanazidi, mkulima anahamia kipande kingine cha msitu.

Shuguli

Bwawa halijaguswa. Ni la Julius Nyerere, kwenye lile korongo la Stiegler: mitambo 9 ya megawati 235, jumla 2,115. Ujenzi ulianza 2019, maji yakaanza kujazwa Desemba 2022, mtambo wa kwanza (namba 9) ukawaka Februari 2024 na yote ikakamilika 2025. Wazo lenyewe ni la zamani: bonde lilipimwa miaka ya 1950, na RUBADA, mamlaka ya kuendeleza bonde la Rufiji, iliundwa 1975 kwa kazi hiyo.

Wape hesabu hii. Wastani wa mtiririko kwenye korongo ni kati ya mita za ujazo 800 na 900 kwa sekunde. Zidisha kwa sekunde za mwaka, unapata bilioni 25 hadi 28. Bwawa likijaa lina karibu bilioni 33. Kwa hiyo linaweza kumeza mwaka mzima wa mto wa kawaida. Wataona mara moja kwamba mafuriko ya wastani, yale ya mlau, yako mikononi mwa anayefungua milango, na kwamba tope linalorutubisha mbuga linatua bwawani, nyuma ya ukuta. Maji yanayotoka bila tope yana njaa: yanachimba kingo.

Halafu waulize kwa nini basi Aprili 2024 Rufiji na Kibiti zilifurika vibaya. Bwawa lilikuwa limekaribia kujaa, mvua za El Niño zikaendelea, na maji yakabidi yapitishwe. Ghala lililojaa halipunguzi mafuriko. Linapunguza likiwa na nafasi, na nafasi hiyo ni maji ambayo mzalishaji wa umeme angependa kuyabakiza.

Ramani_Bure

Kwa ramani: chukua data ya mwinuko ya SRTM ya mita 30, ni bure, ifungue kwenye QGIS (programu ya ramani) kwa mfumo wa UTM kanda 37 Kusini (EPSG:32737). Jaza mashimo, tengeneza mwelekeo wa mtiririko, halafu chora mabonde madogo matatu: Kilombero, Luwegu na Ruaha. Weka nukta ya kutokea (mahali maji ya bonde dogo yanapotokea) juu kidogo ya kila makutano. Ukiiweka kwenye makutano yenyewe programu itakupa mabonde mawili kwa pamoja.

Itafanya kazi vizuri hadi kwenye korongo. Chini ya hapo itakudanganya. Bonde ni tambarare mno, na kwenye delta rada ilipima vilele vya miti, kwa hiyo msitu wa mikoko unaonekana kilima na kijito kinapita pasipo na maji. Sehemu hiyo ichore kwa mkono juu ya picha ya setilaiti. Kwa mafuriko usitafute picha za kawaida za Aprili, ni mawingu matupu. Tumia rada ya setilaiti ya Sentinel-1, maji yanaonekana meusi. Linganisha Aprili na Septemba.

Mwl_Uwandani

Wakuu, nimepata zaidi ya nilichoomba. Mawili ya mwisho: mwezi gani, na bwawani tunafika?

Kingo_na_Mbuga

Mwisho wa Juni au Julai. Maji yamerudi, mlau unachipua, mpunga wa mwisho unavunwa. Aprili utaona maji tu, tena kwa mbali.

Siku ya kwanza Dar, Kibiti, Ikwiriri, kisha Daraja la Mkapa, mita 970, lililofunguliwa 2003. Kabla yake ilikuwa kivuko cha Ndundu na foleni za malori. Wahesabu ni mita ngapi za daraja ziko juu ya maji na ngapi juu ya nchi kavu. Wasishuke ukingoni, mamba wapo, hata kama watoto wa pale wanachota maji. Siku ya pili Nyamwage hadi Utete kwa udongo na madungu, pamoja na Mohoro. Siku ya tatu rudi hadi Bungu, uingie Nyamisati.

Bwawa liko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, linataka vibali vya sehemu mbili na siku nzima ya barabara ya Mloka. Kwa siku tatu liache.

Maji_Mafu

Nyamisati panga kwa mwezi, si kwa kalenda ya shule. Epuka bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Nenda maji mafu, siku ambazo maji hayajai wala hayapwi sana. Tumia jedwali la maji la Dar es Salaam, ukijua kwamba ndani ya vijito maji huchelewa kujaa kuliko baharini. Ingia maji yakiwa yanajaa: chombo kikikwama kitaelea chenyewe baada ya muda mfupi. Ukikwama yakiwa yanatoka, utakaa hapo na wanafunzi 40 mpaka maji yarudi, na mbu wa mikoko hawangoji magharibi.

Maboya ya kuvaa yawe idadi ya watu pamoja na nahodha. Hesabu kabla hujalipa.